Sarafu ilianguka mbele ya binti yangu: je, mikono husahau?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 44. Kuanzia miaka 13 hadi 17 nilikuwa katika kikundi cha vijana wa mazingaombwe. Tulikuwa kama kumi hivi, tukikutana kila Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha maktaba, chini ya mzee mmoja mstaafu aliyetufundisha bure. Sina kipindi ninachokikumbuka kwa furaha kama kile. Baadaye nikaacha, maisha yakanichukua. Mwezi uliopita binti yangu wa miaka 12 alikuta karata zangu za zamani, nami nikajitia kumwonesha mchezo wa sarafu niliokuwa nikiufanya bila hata kuufikiria. Sarafu ikaanguka, ikabiringika hadi uvunguni. Alicheka sana. Tangu siku hiyo anajifunza mwenyewe kwenye simu, na kwa wiki tatu amejua michezo mingi kuliko niliyoijua mimi kwa mwaka. Lakini nikimtazama naona kuna kitu hakipo, na sijui ni nini. Je, ni uzee tu, na zile Jumamosi nimezipamba kichwani? Mikono yangu inaweza kurudi? Nimtafutie kikundi au simu inatosha? Shangazi yake naye anasema tunamwingiza mtoto kwenye uchawi. Na mwisho: tuliapa kutotoa siri. Naruhusiwa kumwambia?"

Marahaba, na pole kwa ile sarafu. Umeuliza mambo matano kwa mpigo, lakini nilipokusoma mara ya pili niliona yote yamefungwa fundo moja: unataka kujua mle chumbani mwa maktaba mlikuwa na nini hasa, na kama binti yako anakikosa. Anakikosa, ndiyo. Nitafika huko. Ila nianze na shangazi, kwa sababu hoja yake ndiyo kongwe kuliko zote.

Lugha yetu yenyewe inamchanganya. Neno mazingaombwe tunalitumia kwa mchezo wa jukwaani, na tunalitumia pia kwa jambo lolote lisiloeleweka. Lakini tuna neno lingine, kiinimacho, na hilo limejieleza lenyewe: kinachochezewa ni jicho la mtazamaji. Mwaka 1584, huko Uingereza, Reginald Scot alichapa kitabu cha kupinga mauaji ya watu waliosingiziwa uchawi, na ndani yake akaeleza kwa kina jinsi michezo ya sarafu, karata na visu ilivyofanyika. Ni miongoni mwa maelezo ya mwanzo kabisa ya kazi yetu yaliyochapishwa kwa Kiingereza, na yaliandikwa ili kumtetea mtu asiye na hatia. Ukipenda, mpe shangazi kisa hicho kabla ya kubishana naye.

Hata hivyo usimdharau. Kuna mahali ana haki. Mfaransa Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa aliyegeuka mwanamazingaombwe, alitumwa na serikali yake Algeria mwaka 1856 akawaoneshe wenyeji kwamba nguvu za Wafaransa zinawashinda viongozi wao wa dini. Alikuwa na sanduku dogo ambalo hata mtoto angeliinua. Akamwita mwanamume wa nguvu ajaribu, sanduku likagoma kutoka sakafuni, kwa kuwa chini yake palikuwa na sumaku ya umeme. Mchezo mzuri sana, na ulitumika kuwatisha watu waliotawaliwa. Kwa hiyo mstari ninaowachorea wanafunzi wangu ni huu: tunadanganya macho, na tunakiri kwamba tunadanganya. Anayefanya mchezo uleule akadai ana uwezo wa kuponya au kusoma nyota ni tapeli, hata kama mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Mwalike shangazi siku moja, binti amfanyie mchezo mmoja, kisha amwambie kwa mdomo wake, "Shangazi, nimekuchezea tu." Sijaona dawa bora kuliko hiyo.

Sasa kumbukumbu zako. Umezipamba? Bila shaka. Wanasaikolojia wamegundua kwamba ukimwomba mtu mzima ataje matukio ya maisha yake, sehemu kubwa hutoka kati ya miaka 10 na 30 hivi. Ndiyo miaka ya mara ya kwanza: rafiki wa kwanza uliyemchagua mwenyewe, makofi ya kwanza, mtu mzima wa kwanza asiye ndugu yako aliyekuona kuwa una kitu. Tena kumbukumbu haitolewi kabatini ikiwa nzima. Kila ukiikumbuka unaijenga upya, na fundi wa ujenzi huo ni wewe wa leo, mwenye miaka 44, aliyechoka kidogo. Nina hakika zilikuwepo Jumamosi ambazo mzee hakutokea, na kijana mmoja wenu aliyejigamba hadi akawachosha wote. Hao umewafuta. Lakini kupamba nyumba hakumaanishi nyumba haikuwepo, na unachokihisi kuhusu chumba kile nakiamini, kwa kuwa nami nilikulia katika chumba cha namna hiyo.

Chetu kilikuwa na meza ya mbao iliyoyumba na viti tulivyovipanga nusu duara. Kila jioni mmoja wetu alikaa pembeni kabisa, kwenye pembe mbaya kuliko zote, ambako hakuna mtazamaji wa kawaida angekaa. Tulikuwa tukimwita Jicho. Kazi yake ilikuwa moja: akiona kisichotakiwa kuonekana, anainua kidole. Hasemi, hacheki, anainua kidole tu, nawe unaendelea hadi mwisho. Mara yangu ya kwanza kidole kiliinuka mara nne katika mchezo wa chini ya dakika mbili. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilipomaliza, Jicho, msichana aliyenizidi mwaka mmoja au miwili, alikuja akakaa karibu yangu, akashika mkono wangu wa kulia akaugeuza kidogo, kiasi cha unene wa kidole, akasema, "Hapo. Sasa siioni." Hadi leo mkono wangu unakaa hapo.

Hilo la mkono kukaa hapo linanileta kwenye swali lako kuhusu mikono. Mikono haisahau kama kichwa kinavyosahau. Mwaka 1953, huko Marekani, mgonjwa mmoja wa kifafa, aliyejulikana kwa miaka mingi kwa herufi H.M. tu, alifanyiwa upasuaji wa ubongo, na tangu hapo akashindwa kuhifadhi matukio mapya. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, jambo linalomkoroga yeyote anayelijaribu mara ya kwanza. H.M. aliirudia kwa siku kadhaa. Hakukumbuka kwamba amewahi kuifanya, na bado kila siku mkono ulizidi kuwa stadi. Ujuzi wa mkono una ghala lake, mbali na ghala la matukio. Na ghala hilo likifunikwa vumbi, kulifagia ni rahisi kuliko kulijenga: mtu anayejifunza upya alichokijua zamani hutumia muda mfupi kuliko aliotumia mara ya kwanza.

Basi kwa nini sarafu ilianguka? Nadhani kwa sababu tatu, na hakuna hata moja inayoitwa uzee. Kwanza, mkono uliojifunzia ulikuwa wa mtoto. Uliacha ukiwa na miaka 17, kiganja kikaendelea kujaza, na ile sehemu ya kubania sarafu, kati ya shina la dole gumba na nyama ya upande wa kidole kidogo, imehama. Mkono wako unaipeleka sarafu kwenye anwani ya zamani. Pili, ngozi hukauka kadiri miaka inavyosonga, na sarafu haikai kwenye ngozi kavu. Paka mafuta kidogo sana, yaache yanywewe, halafu jaribu tena. Tatu, ulimwonesha mtoto wako, na ulitaka sana afurahi. Mikono hutetemeka mbele ya mtu tunayempenda kuliko mbele ya ukumbi uliojaa.

Robo saa asubuhi na robo saa jioni inatosha, na fanyia juu ya kitanda, ili sarafu ikianguka isipige kelele wala kukukimbiza uvunguni. Usifanye saa mbili mfululizo siku ya Jumapili ukidhani unafidia wiki. Mkono uliochoka hujifunza makosa. Na hapa niwe mkali kidogo: ukianza kuhisi ganzi kwenye dole gumba na vidole vinavyofuata, au maumivu ya kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoungana na mkono, yanayokuamsha usiku, acha, nenda kwa daktari. Nimewaona watu wazima wanaorudia karata kwa pupa wakijikaza wiki kadhaa kwa kudhani ni uchovu wa kawaida. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba hapo kwenye kifundo, na ukibanwa muda mrefu haulipi deni kirahisi. Hilo mimi siwezi kulitibu kwa maandishi.

Sasa kile unachokiona kwa binti yako bila kukijua jina.

Watu wengi wanaamini kwamba mkono wa mwanamazingaombwe ni mwepesi kuliko jicho. Si kweli, haujawahi kuwa. Jicho huona haraka mno kuliko mkono wowote unavyoweza kukimbia. Mwaka 2006 watafiti Gustav Kuhn na Michael Land walirekodi mchezo mmoja mdogo: mtu anarusha mpira juu mara mbili, mara ya tatu anajifanya kuurusha, lakini mpira unabaki mkononi. Karibu theluthi mbili ya watazamaji walisema waliuona mpira ukipaa na kutoweka hewani. Waliona kitu ambacho hakikuwepo! Watafiti walikuwa wakipima pia macho ya watazamaji yalikoelekea, na hapo ndipo penye utamu: macho mengi hayakwenda juu ambako mpira ulidaiwa kupaa. Yalikuwa yakipitia usoni pa mchezaji. Uso wake ulitazama juu, nao wakausadiki. Na alipobadilisha, akautazama mkono wake badala ya kutazama juu, idadi ya waliodanganyika ilishuka kwa zaidi ya nusu.

Sasa fungua simu ya binti yako uangalie video anazojifunzia. Nyingi zimepigwa kutoka juu au kifuani kwenda chini: mikono miwili, meza, karata. Kichwa kimekatwa. Amefundishwa na walimu wasio na vichwa, ndiyo maana mikono yake inajua na uso wake haujui. Mwangalie vizuri atakapokuchezea tena. Nakisia atakuwa anakodolea mkono wenye kitu, akiishikilia pumzi, na pale penye ujanja atakuwa anapepesa macho. Hilo la kupepesa ni la ajabu. Wengi tunaoanza tunafumba macho sekunde ileile ya uongo, kana kwamba tusipoona sisi hataona mtu. Kioo hakikuambii, kwa sababu ukifumba macho hujioni ukifumba! Simu ingeweza kumwambia kama angejirekodi uso, lakini atajirekodi mikono, kama walimu wake.

Dawa yake ni ya zamani, na bila shaka mzee wenu aliwapa. Chukua sarafu kwa mkono wa kulia. Ichukue kwa mkono wa kushoto, kweli kabisa, uende nayo. Fanya hivyo mara kumi bila ujanja wowote, na kila mara jiangalie: kichwa kinageuka lini, bega gani linashuka, mkono wa kulia unafanya nini baada ya kuachwa mtupu. Utaona kwamba mkono mtupu hulegea, hushuka, unasahaulika. Kisha fanya uongo mmoja, sarafu ibaki kulia, na ufananishe na ule ukweli. Mkono wa kulia ulegee vilevile, ingawa una mzigo. Macho yaende kushoto kwa sababu unaamini sarafu iko kushoto. Nasema unaamini, sisemi unajifanya. Nimewafundisha vijana kwa miaka mingi, na wale walioelewa sentensi hiyo niliacha kuhangaika nao kuhusu vidole.

Je, hayo yanahitaji kikundi? Yanahitaji watu. Mtu anayejua siri na bado anakaa kukutazama, mwenye subira ya kukuona ukikosea leo na wiki ijayo. Mzazi asiyejua mchezo atasema "safi sana" kwa kila kitu, rafiki wa shule atasema "nimekuona" hata kama hajaona. Kilichokuwa chumbani kwenu, nadhani, ni macho kumi yaliyojua na hayakukusudia kukuumbua. Vijana wa kawaida hawapati hadhira ya namna hiyo popote. Ndiyo maana unakumbuka chumba kuliko michezo yenyewe. Ona hata katika barua yako, hukutaja jina la mchezo hata mmoja.

Simu nayo tuitendee haki. Inarudia mara mia bila kununa. Inamfikia mtoto aliye mbali na kila kikundi. Zamani ilinibidi nisubiri wiki nzima kuona tena jinsi kidole cha pete kinavyokaa chini ya karata. Yeye anarudisha nyuma sekunde tatu. Ubaya wake ni kwamba inamlisha mchezo mpya kabla hajatafuna wa jana. Michezo mingi kwa wiki tatu hainipi hofu, inanipa shaka tu. Mwombe achague miwili, akae nayo mwezi mzima.

Vikundi ni jambo la kale katika fani hii, na mara nyingi vilianza kwenye vyumba vya nyuma kama chenu. Chama cha wanamazingaombwe wa Marekani, Society of American Magicians, kilianzishwa mwaka 1902 katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya mazingaombwe jijini New York. The Magic Circle ya London ilifuata mwaka 1905. Baadaye vyama hivyo vikaunda matawi ya vijana, la Marekani mwaka 1984 na la London mwaka 1996. Kwa kuwa una binti, nikudokeze kisa kimoja. The Magic Circle haikupokea wanawake kuwa wanachama hadi mwaka 1991. Kabla ya mlango kufunguliwa, Sophie Lloyd alivaa mavazi ya kiume, akajiita Raymond, akafanya mtihani wao, akafaulu. Alipojitokeza na kusema ukweli, wakamfukuza. Watu ambao kazi yao ni kudanganya walikasirika kudanganywa. Walikuja kumrudishia uanachama, baada ya zaidi ya miaka thelathini. Mwambie binti yako kisa hicho siku atakapokuta chumba kimejaa wavulana watupu, maana bado hutokea.

Ukipata kikundi, usimwache mlangoni ukaondoka. Kaa ndani mara mbili au tatu. Angalia wakubwa wanamfanya nini mdogo anayekosea. Kama wanamcheka na kumnyang'anya karata ili waoneshe "inavyofanywa", rudi nyumbani. Vikundi vingine ni majukwaa ya watu wazima wanaotafuta watoto wa kuwashangilia, na simu ni bora kuliko hivyo. Jambo la pili ni zito zaidi. Fani yetu inaishi kwa siri, na mtoto anafundishwa mapema kwamba kunyamaza ni heshima. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuitumia tabia hiyo. Kwa hiyo wanangu wote wa darasani nawaambia siku ya kwanza, mbele ya wazazi: siri ni za michezo pekee, hakuna mwalimu mwenye haki ya kukwambia usimwambie mzazi jambo fulani, na milango yetu iko wazi. Kiongozi akisitasita ukimwomba hilo, usibembeleze. Na ukiona mtoto aliyekuwa akiupenda mkutano ameanza kuukwepa bila sababu, msikilize kwanza, na ikibidi muone mshauri wa watoto ana kwa ana badala ya kuniandikia mimi.

Usipopata kikundi, watoto watatu na meza vinatosha. Mmoja acheze, mmoja awe mtazamaji, mmoja awe Jicho, wapokezane. Wewe usiwe mwalimu, angalau miezi ya kwanza. Hamu yako ya kuirudisha maktaba ile ni kubwa, nimeihisi katika kila mstari wako, na mtoto akiihisi atajikuta anacheza ndani ya kumbukumbu yako badala ya kutengeneza yake. Leta maji, panga viti, toka.

Limebaki la kiapo. Wengi wanadhani siri inawalinda wanamazingaombwe dhidi ya ushindani. Huenda kidogo. Lakini anayelindwa hasa ni mtazamaji: ukimwambia, unampa waya na sumaku, unamnyang'anya mshangao wake, na mara nyingi hata shukrani hatoi, anasema "kumbe ni hivyo tu." Ndiyo maana kiapo kinatofautisha anayetaka kujua na anayetaka kujifunza. Binti yako, kwa wiki tatu za karata, ameshavuka upande wa pili. Mwambie. Ila usimpe kwa kuwa ameuliza "umefanyaje?" Ngoja siku aulize, "Mkono wako wa kulia ulikuwa unafanya nini?"

Na hiyo sarafu, kama bado iko uvunguni, mtume yeye aitoe. Akiinuka nayo, mwombe akuchezee, wewe ukae pembeni kabisa upande wa kushoto, kidole tayari.